Watu wa Kasia

Wajumbe wa kamati ya jubilei walipoingia kibandani, Fundi alikuwa amebana pini kwa midomo, kwa hiyo ilibidi waanze kusema wao. Hilo lilimfaa. Katika miaka yake ya cherehani alikwishagundua kwamba mtu akiona hujibu, atasema hadi yale aliyokusudia kuyaficha.

Wajumbe walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu, mwenyekiti wa kamati, mzee aliyestaafu ualimu lakini hakustaafu kusahihisha watu. Wa pili alikuwa mchungaji kijana wa Kanisa la Juu, ambaye alikuwa mgeni kisiwani na bado hajajua nani hasalimiani na nani.

"Tumekuja kwa mambo mawili," Mwalimu akasema. "La kwanza ni mavazi ya mchezo. Koti refu jeusi la mmisionari, kofia yake, mashati ya mabaharia, na shuka za wenyeji. Shuka ziwe chakavu, maana hawakuwa na nuru."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Nguo chakavu hazikumpa taabu.

"La pili ni mdogo wako, Pole. Tunaomba awe yule mpagani mwenye kasia. Kama alivyokuwa marehemu baba yenu kwenye jubilei ya miaka mia, na babu yenu kabla yake."

Fundi akazitoa pini, akazichomeka kwenye kimto chake pasipo haraka.

"La kwanza nimelisikia," akasema. "La pili halipo."

Kisiwani pale kila mtu alijua ukoo wake ulikuwa umesimama wapi siku Ukristo ulipofika. Meli ilitia nanga nje ya miamba, mmisionari akashushwa kwa mashua yeye na sanduku lake. Mtu aliyelipokea lile sanduku alikuwa wa kwanza kubatizwa, na kizazi chake hadi leo huitwa watu wa Sanduku. Mwalimu alikuwa mmoja wao. Mtu aliyempiga mmisionari kasia la kichwa akamtumbukiza majini aliacha nyuma yake watu wa Kasia. Fundi alikuwa wa huko. Waliobaki wote ni wazao wa watu waliokuwa wakitazama.

Watu wa Sanduku walitoa walimu, makarani na wazee wa kanisa. Watu wa Kasia walitoa mafundi, na mafundi hodari kweli, lakini hapakuwahi kutokea mzee wa kanisa hata mmoja. Si kwamba sheria ilikataza. Ni kwamba kila jina lao lilipotajwa kwenye uchaguzi, mtu fulani alikohoa, na baada ya kile kikohozi likatajwa jina lingine.

Nyumbani kwao historia ilisimuliwa vingine. Babu wa mababu alikuwa akirudi kuvua, akaona mashua ya wageni inasukumwa na mawimbi kuelekea kwenye mwamba. Akanyanyua kasia ili aizuie. Wakati huohuo mgeni, ambaye alikuwa hajui kwamba kwenye mashua mtu hasimami, akasimama ili awabariki. Babu aliapa kwamba mkono uliteleza, na kasia likamkuta huko juu. Alipoanguka majini, ni babu huyohuyo aliyemkamata ukosi wa koti akamburuta hadi mchangani, na ni mkewe babu aliyemuuguza hadi akapona. Meli haikuweza kumngoja. Kama si lile kasia, nyumbani kwao walisema, mgeni yule angesalimia, angegawa vitambaa, na angeondoka na meli yake kama walivyoondoka wengine kabla yake.

Tena, lugha ya kisiwani aliijulia kitandani. Kwa kuwa aliyemfundisha alikuwa muuguzi wake, maneno aliyoyajua kwanza yalikuwa ya mgonjwa. Inasemekana mahubiri yake ya kwanza kabisa yalikuwa mafupi: "Kuleni. Laleni. Geukeni." Wenye heshima zao waligeuka wakatazama baharini, wakangoja kuambiwa wageuke tena. Neno la kutubu alilijua baadaye, na kufikia hapo wengi walikwishabatizwa.

Huyo mkewe babu hakutajwa na kanisa lolote kati ya yale mawili.

Ndiyo, yalikuwa mawili. Hapo mwanzo lilikuwa moja, lenye kisima chake cha ubatizo pale ufukweni. Kisha likajengwa jengo kubwa juu kilimani, na waumini wakagundua kwamba kupandisha maji ya kumzamisha mtu mzima ni kazi ya punda. Wa juu wakaanza kusema Maandiko hayakutaja kipimo, na kwamba matone yanatosha. Wa chini wakasema matone ni ya kunyunyizia mboga. Ikafika mahali watu waliozungukwa na maji pande zote wakashindwa kusalimiana kwa sababu ya kiasi cha maji. Wakagawana. Wa juu walichukua kengele, wa chini wakachukua kamba yake, na kwa miaka mingi hakuna aliyesikia kengele.

Sasa jubilei ya miaka mia na hamsini ilikuwa iwakutanishe, na njia pekee waliyokubaliana ni mchezo wa kuigiza, kwa kuwa kwenye mchezo hakuna anayebatizwa.

"Dada Fundi," mchungaji kijana alisema kwa upole, "ni mchezo tu."

"Mchungaji, mimi ule wa miaka mia niliuona. Nilikuwa darasa la pili."

Hakuendelea, maana mteja wake alikuwa bado amesimama juu ya kigoda akingoja pindo. Lakini aliyaona yote upya: baba yake, mtu asiyeweza kuchinja hata kuku, amepakwa masizi usoni, ananyanyua kasia na kulishusha taratibu pembeni ya kichwa cha karani wa bandari. Watu wakapiga kelele za hasira kana kwamba karani alikuwa amepigwa kweli. Na kwa mwezi mzima baada ya hapo watoto wa kisiwani walimrushia baba yake mawe akipita, huku watu wazima wakicheka, "Mwacheni mpagani apite." Fundi aliokota lile jiwe lililompiga baba sikioni. Lilikuwa dogo tu. Baba alimwambia alitupe, naye akalitupa, na ndiyo yakawa mazungumzo yao yote kuhusu jambo hilo.

"Kama ni mchezo tu," akamwambia Mwalimu, "basi Pole awe mmisionari."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Pole?"

"Ana kimo, ana sauti, na ni Mkristo. Au mmisionari alikuwa na sifa nyingine?"

"Na kasia atashika nani?"

"Mtu yeyote wa Sanduku. Mko wengi."

Mchungaji kijana, asiyejua kitu, akasema hilo ni wazo zuri sana la upatanisho. Mwalimu akamtazama kama anavyotazama mtu aliyeandika jina lake mwenyewe kwa kukosea.

Kamati ilikaa juu ya jambo hilo hadi viti vikachoka. Hakuna wa Sanduku aliyetaka kushika kasia. Mmoja alikuwa na mgongo, mwingine alikuwa na safari ambayo bado hajaamua aende wapi. Mwishowe Mwalimu, aliyeona aibu mbele ya mchungaji wa Chini, akapiga meza: "Basi nitapiga mimi!" Alisema hivyo akitumaini watamkatalia. Walimpigia makofi.

Pole alipoletewa habari, alikuwa karakanani akichomelea geti. Alikuwa fundi chuma mwenye mikono kama majembe, mseja, anayeishi chumba cha uani nyumbani kwa dada yake. Jina la Pole alipewa kwa sababu alimpa pole kila mtu, na hata kila kitu. Ukimvizia utamsikia akikiambia chuma "pole" kabla ya kukigonga nyundo.

"Dada, mimi mmisionari? Nitasema nini?"

"Utasema 'Amani iwe kwenu,' kisha utaanguka."

"Nitaanguka upande gani?"

"Wa maji."

Akafikiri. "Na Mwalimu hataumia?"

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi wa Kanisa la Chini chini ya uongozi wa mchungaji wao, mtu mnene mwenye kiu ya mambo makubwa. Pole alianguka vizuri tangu siku ya kwanza. Tatizo lilikuwa Mwalimu. Kila aliponyanyua kasia, alilishusha kwa adabu.

"Mwalimu," mchungaji wa Chini akalalamika, "huyu unampiga au unampangusa?"

Watu wakacheka. Mwalimu, ambaye kwa miaka yote ya ualimu hakuwahi kuchekwa ana kwa ana, alikwenda nyumbani akaanza kufanya mazoezi ya siri kwa gunia la maranda. Mkewe alisema baadaye kwamba lile gunia lilikufa kifo kibaya.

Tena kulikuwa na suala la miwani. Asubuhi ya siku yenyewe mtu mmoja wa kwaya alimwambia Mwalimu asijisumbue, aivae tu. Mwalimu akakataa katakata. Mpagani wa zama zile, alieleza, hakuwa na miwani. Tukianza kuchezea historia kwenye miwani tutaishia wapi? Akamkabidhi mkewe, akaingia kwenye mtumbwi akipapasa.

Kisiwa kizima kilikuwa ufukweni. Watu wa Juu upande mmoja, wa Chini upande mwingine, na katikati pengo la watu wawili watatu ambalo kila mtu alijitia halioni. Fundi alikaa karibu na maji, na sindano yenye uzi imechomekwa kifuani, endapo mshono wowote utafumuka. Koti la Pole lilikuwa limekula kitambaa cha mapazia mawili. Alilitazama linavyokaa mabegani mwa mdogo wake ndani ya mashua, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akajikuta anajivuna ufukweni.

Mashua ikakaribia. Mtumbwi wa Mwalimu ukatoka kuilaki.

"Rudi ulikotoka!" Mwalimu akanguruma, na kweli alinguruma.

Walivyokubaliana ni kwamba Pole asimame, aseme "Amani iwe kwenu," kasia lipite mbele ya uso wake, naye ajitupe. Lakini Pole aliposimama alimkanyaga mpiga makasia, na badala ya "Amani iwe kwenu" alisema "Pole" na kuinama kuutazama ule mguu. Mwalimu, ambaye bila miwani aliona koti jeusi na hakuona zaidi, alikuwa amekwisha kulishusha kasia kwa nguvu zote za gunia. Pole akainuka. Kasia na kichwa vikakutana.

Sauti ya pigo haikuwa ya mchezo, lakini ni wachache walioitambua. Pole akaanguka upande wa maji, kama alivyoelekezwa. Watu wakapiga makofi ambayo hayajawahi kusikika kisiwani, na kwaya, iliyoambiwa ianze mara mtu akianguka, ikaanza.

Fundi hakupiga makofi. Alikuwa amemwambia Pole, akianguka aishike kofia, kwa sababu kofia ilikuwa ya kuazima. Sasa kofia ilikuwa inaelea kivyake na Pole hakuwa na habari nayo. Fundi akaingia majini na gauni lake la kanisani.

Mwalimu alikuwa amemtangulia. Alijitupa kutoka kwenye mtumbwi, akapapasa, akapata ukosi wa koti, akakinyanyua kichwa cha Pole juu ya maji.

"Jamani!" akalia. "Jamani, huu si mchezo! Nimemuua mtu!"

Makofi yakazidi. "Mwalimu anajua kuigiza!" mtu mmoja akasema, na mama mmoja akafuta machozi. Hata walipomburuta Pole hadi mchangani, Mwalimu ameshika ukosi na Fundi ameshika miguu, kwaya ilikuwa bado inaendelea na ubeti wa mwisho. Ni hapo damu ilipoonekana kwenye mchanga, na sauti ya nne ikanyamaza, kisha ya tatu, kisha wote.

Hakufa. Muuguzi wa zahanati alimshona kuanzia juu ya sikio hadi karibu na utosi, na Fundi, aliyesimama pale na gauni linalochuruzika, alisema mishono ile ingeweza kukaribiana zaidi. Wakaambiwa alale, asishtuliwe, asiachwe peke yake. Fundi akamlaza chumbani kwake mwenyewe, karibu na chumba cha mama yao, aliyekuwa mzee sana na anasikia anachotaka.

Kesho yake Mwalimu alibisha hodi. Alikuwa amebeba chungu cha supu kwa mikono miwili, na miwani ilikuwa imejaa mvuke wa ile supu, kwa hiyo kwa mara ya pili ndani ya siku mbili hakuona anakokwenda.

"Huyo ni nani?" mama akauliza kutoka ndani.

"Ni Mwalimu, Mama. Yule aliyempiga Pole."

"Amekuja kumalizia?"

Mwalimu akasimama mlangoni. Fundi alingoja aseme kitu cha kusahihisha. "Sikukusudia, Fundi," akasema hatimaye. "Naapa. Mkono uliteleza, na yeye akainuka."

Fundi alikuwa amelingoja neno hilo maisha yake yote, na mama yake kabla yake, na sasa lilikuwa mlangoni kwake limeshika supu.

"Hivyohivyo ndivyo babu yetu alivyosema, Mwalimu," akajibu. "Ingia. Inapoa."

Mwalimu akaja siku hiyo, na iliyofuata, na zote zilizofuata. Alimnywesha Pole supu kwa kijiko. Alimgeuza ubavu. Mara moja Fundi alipita akamsikia akisema, "Kula. Haya, lala. Sasa geuka," akasimama ukumbini kidogo, kisha akaenda zake jikoni. Pole naye, kila alipofumbua macho akamwona Mwalimu, alimwambia pole.

"Pole ya nini?" Mwalimu akauliza siku moja.

"Naona umekonda."

Siku hiyo Mwalimu aliondoka mapema.

Mgeni mwingine alikuwa mchungaji wa Chini. Huyu alikuja na habari njema. Kwa kuwa Pole alizama mwili mzima, akaeleza, katika ibada halali, mbele ya wachungaji wawili na kwaya, baraza la Kanisa la Chini limeona kwamba amebatizwa kwa ubatizo wa kweli na sasa ni muumini wao.

Mchungaji kijana wa Juu akapata habari, akaja mbio. Alikuwa amekwisha kujifunza ugomvi wa kisiwani. "Huyu ni wetu!" akasema. "Tulimnyunyizia akiwa mtoto mchanga!"

"Na mchanga atajua nini?"

"Kwani juzi alijua nini? Mwenyewe muulizeni!"

Wakamgeukia Pole, kichwa kimefungwa bandeji hadi kwenye nyusi.

"Mimi nilikuwa nimezimia," akasema.

"Wengi huwa hivyo," mchungaji wa Chini akajibu, wala hakuwa anatania.

Mama akauliza kutoka ndani kama nyumba inaungua. Fundi akawaonyesha wote wawili mlango, akawapa na kofia zao.

Hata hivyo lilikuwapo jambo moja ambalo makanisa yote mawili yalikubaliana bila ugomvi, kwa mara ya kwanza tangu enzi ya kengele na kamba: kwamba Mwalimu lazima atengwe. Mzee wa kanisa kumpasua mtu kichwa hadharani, na siku ya jubilei, ni fedheha. Mabaraza mawili yakaitwa kukaa pamoja, watu wa Juu na wa Chini kwenye benchi moja, na nyuso zao zilikuwa na furaha ya watu waliopata wa kumlaumu. Fundi akaitwa aseme kwa niaba ya aliyeumizwa.

Alivaa gauni lake jipya. Njiani alikuwa amepanga maneno, na yalikuwa makali. Alipoingia ukumbini akamwona Mwalimu amekaa peke yake kwenye kiti pembeni, magoti pamoja, kama mwanafunzi aliyetolewa nje, na wajukuu zake wawili wanachungulia dirishani. Mmoja alikuwa darasa la pili au la tatu.

Maneno makali yakamtoroka.

"Mwalimu hakukusudia," akasema. "Mkono uliteleza. Mimi nilikuwapo, na yeye ndiye aliyemtoa majini. Anamuuguza hadi sasa. Kumtenga ni kumwonea."

Furaha ikapungua kwenye benchi.

"Lakini kama mnaandika hivyo kwa Mwalimu," akaendelea, "basi muandike hivyohivyo kwa babu yetu. Na mke wake mumtaje. Na msome kwa sauti, kwenye makanisa yote mawili."

Mtu akakohoa.

Mzee mmoja wa Juu alisema hayo ni mambo ya kale, hayana ushahidi, na maji yakimwagika hayazoleki. Mwingine wa Chini akasema historia ya kanisa haiwezi kubadilishwa kwa hadithi za jikoni. Walikuwa wanakubaliana tena, na Fundi aliona jambo linazama mbele ya macho yake. Akaanza kuufunga mkoba wake.

Hapo Mwalimu akasimama. Hakuna aliyempa nafasi.

"Babu wa watu hawa alisema mkono uliteleza, hakuaminiwa," akasema. "Mimi nimesema mkono uliteleza, nimeaminiwa kabla sijamaliza. Niliyoyafanya yana mashahidi kisiwa kizima, na nilifanya mazoezi. Kama hamwamini yeye, msiniamini na mimi. Nitengeni." Akaketi, kisha akasimama tena. "Miaka arobaini nimewafundisha watoto wenu kwamba alikuwa mkatili. Niliwasahihishia kwa wino mwekundu walioandika vingine. Binti huyu nilimsahihishia."

Fundi alikuwa amelisahau hilo. Sasa likamrudia, na akaona kwamba halikuwa limeenda mbali.

Waligombana hadi jioni. Mwishowe, kwa shingo upande, wakakubali, si kwa sababu waliguswa wote, bali kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumtenga mtu aliyemfundisha kusoma.

Jumapili iliyofuata Fundi na Pole walimbeba mama yao kwenye kiti hadi Kanisa la Juu. Mchungaji kijana akasoma: kwamba babu yule alinyanyua kasia ili azuie mashua isivunjike, kwamba mkono uliteleza, kwamba alimwokoa mgeni, na kwamba mkewe alimuuguza na kumfundisha lugha ambayo Injili ilihubiriwa nayo. Alisoma haraka, akitazama karatasi, kama mtu anayesoma matangazo ya vikao. Wengine walitazama viatu. Nyuma kabisa mtu mmoja alisema "Amina" ya mashaka.

"Amesema nini?" mama akauliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

Fundi akamwinamia sikioni akamweleza.

"Hakusoma vizuri," mama akasema. "Arudie."

"Mama, watu wana ibada."

"Nimengoja tangu nilipoolewa. Arudie."

Mchungaji akamtazama Mwalimu aliyekaa mbele. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kwa ile namna yake ya darasani, kumaanisha tena, na polepole. Mchungaji akarudia. Safari hii alipofika kwa mke wa babu alinyanyua macho akawatazama, na mama akajinyoosha kitini kama anayepigwa picha. Pole akawapa pole waliokaa karibu kwa usumbufu.

Katika Kanisa la Chini karatasi hiyo ilisomwa siku hiyohiyo. Yalikuwapo manung'uniko, na familia moja ikahama kanisa, lakini wale huwa wanahama kila linapotokea jambo.

Jumatatu Fundi akafungua kibanda kama kawaida. Mteja wa kwanza alikuwa mke wa Mwalimu, ambaye kwa maisha yake yote alishonewa ng'ambo, kwenye maduka ya bara. Aliweka kitambaa mezani, akasema anataka gauni la mikono mirefu, na kwamba hana haraka. Fundi akakikunjua, akakipima kwa macho, akavuta futi kutoka shingoni. Kisha, bila kutarajia wala kuelewa, machozi yakaanza kumtoka, mengi, yakidondoka kwenye kitambaa cha watu.

"Kuna nini, mwenzangu?"

"Vumbi la pamba," Fundi akasema. "Hiki cha kwako kinatoa vumbi sana. Nyanyua mikono."

Mke wa Mwalimu akanyanyua mikono, akageukia ukutani ili asimtazame, akangoja.